Mama Aliyefungua Faili la Bintiye

Mwezi huu tunamkumbuka binti wa mwanamke mwenzetu, aliyefia baharini wakati wa amani. Ni Luteni Kara Hultgreen, rubani wa Jeshi la Majini la Marekani. Tunamkumbuka kwa ujasiri wake, na pia kwa ajili ya jambo alilolifanya mama yake baada ya mazishi.

Kara alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1965. Alisomea uhandisi wa vyombo vya anga katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, akaingia jeshini na kuwa rubani. Wakati huo wanawake hawakuruhusiwa kurusha ndege za mapigano. Katazo hilo lilipoondolewa mwaka 1993, Kara alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchaguliwa, na mwaka 1994 alihitimu kurusha ndege ya kivita aina ya F-14 kutoka kwenye manowari.

Kazi hiyo si mchezo. Manowari ya kubeba ndege ni kubwa mno ukiiona bandarini, lakini kwa rubani aliye juu ni kama mkeka uliotandikwa baharini, tena mkeka unaokwenda. Ndege hushuka kwa kasi, na ndoano iliyo mkiani hunasa waya uliotandazwa sitahani ili isimame.

Tarehe 25 Oktoba 1994, siku 20 tu baada ya kutimiza miaka 29, Kara alikuwa mazoezini katika Bahari ya Pasifiki, karibu na pwani ya San Diego, akiijia manowari USS Abraham Lincoln. Hapakuwa na vita wala adui. Alipokata kona ya mwisho alipitiliza mstari wa kutua. Akajaribu kujirekebisha, na injini ya kushoto ikapoteza nguvu. Ndege ikalalia kushoto. Mwenzake wa kiti cha nyuma alivuta kifaa cha kuwaokoa wote wawili, ambacho humrusha nje wa nyuma kwanza, kisha rubani. Yeye akapona. Kara alifuata chini ya nusu sekunde baadaye, lakini ndege ilikuwa imekwisha kupinduka, na kiti kikamtupa majini. Alipatikana tarehe 12 Novemba, kwenye kina cha zaidi ya mita 1,000, angali amefungwa kitini. Akazikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington.

Ndipo maneno yakaanza. Watu wasiojitaja majina walieneza habari kwamba hakustahili, kwamba alipitishwa kwa kuwa ni mwanamke. Ripoti moja ya jeshi ilitilia uzito injini. Nyingine, iliyovuja, ilitilia uzito makosa ya rubani. Mama yake, Sally Spears, alikuwa mwanasheria. Angeweza kunyamaza, au kusema tu kwamba mwanawe hakuwa na dosari.

Hakufanya hivyo. Alitoa kumbukumbu za mafunzo ya bintiye zikasomwa na waandishi wa habari. Mlikuwa na mazuri: kwa jumla alikuwa wa tatu kati ya marubani saba wa darasa lake. Mlikuwa pia na machungu: mtihani wa kutua kwenye manowari alishindwa mara ya kwanza, akafaulu mara ya pili. Mwaka 1998 mama huyo alichapisha kitabu kizima juu ya maisha na kifo cha bintiye. Ubishi haukwisha, lakini tangu hapo mwenye kutaka kumjua Kara ana pa kumsoma.

Je, sisi hufanyaje? Mara nyingi tukisharudi makaburini tunachagua moja kati ya mawili. Ama tunamfanya marehemu malaika, au tunaficha picha zake na jina lake halitajwi tena mezani. Watoto waliobaki hukua na malaika wasiyeweza kumfikia, au na kimya kinachowatisha. Kisha majirani huwasimulia mengine, nao hawana la kujibu.

Mama, kama nyumbani kwako kuna aliyetangulia, iwe ni mume, mtoto au ndugu, tunza karatasi zake: barua, vyeti, hata ripoti ya shule yenye alama mbaya. Mtoto akiuliza, "Baba alikuwaje?" mwambie alivyopenda kucheka, na mwambie pia kwamba alikuwa mwepesi wa hasira na alijifunza kuomba msamaha. Mtoto aliyeshindwa mtihani jana atafarijika kujua kwamba hata shangazi yake aliyesifiwa alirudia darasa. Anza na jambo moja jioni ya leo, wakati wa chakula, wote wakiwa wamekaa.