Mayai ya Bibi Harusi Hayapevushwi kwa Chupa



Leo tunasema wazi: anayekuuzia dawa ya "kuongeza mayai" au ya "kupevusha mayai kwa siku saba" anakuibia. Hatusemi kwa husuda. Sisi ni mafundi cherehani na wauza nguo za harusi huku Endamarariek, Karatu, mbali na bahari yenu, lakini simu haijui umbali. Tangazo linalowafikia ninyi Unguja na Pemba linatufikia na sisi. Maharusi tunaowashonea magauni ndio haohao wanaorudi baada ya miezi mitatu kuomba wapunguziwe deni, kwa sababu fedha imekwenda kwenye chupa. Mawifi wameshapima kiuno kwa macho na kuuliza, "Vipi, bado tu?"

Basi tuyajue mayai yenyewe, tusidanganywe.

Mtoto wa kike akiwa bado tumboni mwa mama yake, wiki ya 20 hivi, ovari zake zina mayai machanga yapatayo milioni 6 au 7. Akizaliwa yamebaki kama milioni 1 hadi 2. Akivunja ungo, yamebaki kama 300,000 hadi 400,000. Katika hayo, yatakayopevuka na kutoka maisha yake yote ni 400 au 500 tu. Mengine hunyauka yenyewe, na hilo si ugonjwa. Ni kama jora la kitambaa: fundi anakata, haongezi. Sasa huyo muuza chupa ataongeza nini?

Na kupevuka je? Kila yai limelala ndani ya kijifuko chake. Tangu kijifuko kiamke hadi yai liwe tayari hupita miezi mingi. Zile wiki mbili hivi kabla yai halijatoka ni hatua ya mwisho tu. Hapo tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huleta homoni inayokuza vijifuko kadhaa, na kwa kawaida kimoja huwatangulia wenzake. Kikikomaa, homoni nyingine hupanda ghafla, na baada ya siku moja na nusu hivi yai hutoka na kuingia kwenye mrija. Likishatoka, haliishi zaidi ya saa 24. Mbegu za mume zinaweza kungoja hadi siku 5.

Hebu pigeni hesabu. Mume wa huku anayeendesha watalii Ngorongoro anarudi nyumbani siku mbili kwa mwezi. Mume wa huko yuko dago na wavuvi. Miezi inapita, yai na mbegu havijakutana hata mara moja. Kosa la bibi harusi liko wapi?

Hata wanaokaa pamoja, wakiwa vijana na wazima, si kila mwezi hushika mimba. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka miezi 12 ya kujaribu ipite kwanza, kabla ya kusema kuna tatizo la uzazi. Miezi 12, mama mkwe, si mitatu! Aliyevuka miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6. Na ambaye hedhi yake inaruka ruka aende mapema, maana wapo ambao vijifuko huanza kukua kisha vikakwama. Dawa halisi za kusaidia yai kutoka zipo, lakini hutolewa na daktari baada ya vipimo, kwa dozi na kwa uangalizi.

Na mume apimwe pia. Sababu huweza kuwa kwake, kwa mke, au kwa wote wawili. Kipimo cha mbegu ni chepesi kuliko mengi anayopitishwa mke, lakini wanaume wangapi wanakikataa huku wakitishia kuoa mwingine?

Msituambie kwamba dini imewapa ruhusa ya kumdhalilisha. Surat Ash-Shura inafundisha kwamba Mwenyezi Mungu humpa amtakaye watoto wa kike, amtakaye wa kiume, na amtakaye humfanya asizae. Bi Aisha, Mama wa Waumini, hakujaaliwa mtoto. Nani atathubutu kumvunjia heshima? Nabii Zakariya aliomba mtoto hadi uzeeni, na hakuacha kuomba.

Dada, fedha ya chupa iweke nauli ya hospitali, nanyi mwende wawili. Mama mkwe, dua yako tunaihitaji kuliko jicho lako. Nawe unayeuza uongo kwa jina la "tiba ya Sunna", mchumo wako ni haramu, na machozi ya maharusi wetu yana Mwenye kuyahesabu.

Allah awajaalie wanaongoja kizazi chema, na awape subira. Amin.