Somo la moto lianze na ufunguo wa bweni

Kila bweni linapoteketea nchini, sisi hukimbilia methali. Husema kwamba ajali haina kinga, tukainamisha vichwa makaburini, kisha tukarejea madarasani kana kwamba yaliyopita yamepita. Methali hiyo ni ya kweli palipo na ajali. Lakini mlango uliotiwa kufuli kutoka nje, watoto wakiwa wamelala ndani, si ajali. Huo ni uamuzi wa mtu mzima.

Tukumbuke. Mnamo Machi 1998, wasichana zaidi ya 20 waliangamia katika Shule ya Upili ya Bombolulu, Pwani. Machi 2001, wavulana 67 walifia katika bweni la Kyanguli, Machakos. Katika visa vyote viwili, mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma viliwanyima watoto njia ya kutokea. Kisha Septemba 2024, wavulana 21 wa shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri, walipoteza maisha moto ulipozuka katika bweni lililolaza zaidi ya watoto 150. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa msiba wa Bombolulu alikuwa ametimu umri wa kuwa mwalimu kufikia ule wa Endarasha. Je, angalikuwa mwalimu, ni nani angalikuwa amemfunza la kufanya usiku huo?

Hatuwezi kudai kwamba hatukujua. Mwaka wa 2008 Wizara ya Elimu ilichapisha mwongozo wa viwango vya usalama shuleni. Unaagiza kwamba milango ifunguke kwa nje. Kwamba bweni liwe na mlango kila upande na wa dharura katikati. Kwamba madirisha yasiwe na vyuma. Kwamba nafasi baina ya vitanda isipungue mita 1.2. Aidha, unakataza bweni kufungwa kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani. Maneno hayo ni mazuri. Kinaya ni kwamba mwongozo hukaa katika kabati la mwalimu mkuu, ilhali anayelala bwenini ni mtoto.

Katika shule niliyosomea, ufunguo wa bweni ulilala kwa mwalimu wa zamu, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa kandanda. Tuliufahamu vyema mpangilio wa elementi za kemia. Tuliweza kueleza kwamba moto huhitaji joto, hewa ya oksijeni na kitu cha kuungua, na tukapewa alama zetu. Hakuna aliyetuuliza tungetokea wapi.

Somo lenyewe si gumu, wala halihitaji fedha za wafadhili. Mtoto afunzwe kwamba moshi huua kabla ya ndimi za moto, hasa moshi wenye sumu wa magodoro ya sponji. Afunzwe kwamba moshi wa moto hupanda juu, kwa hiyo hewa afadhali iko karibu na sakafu. Atambae, asikimbie wima. Auguse mlango kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuufungua. Ukiwa na joto kali, atafute njia nyingine. Nguo zikishika moto, asitimue mbio, bali alale chini, afunike uso kwa mikono na kugaagaa. Asimwage maji juu ya mafuta yanayowaka. Na akishatoka, asirudi kuchukua sanduku, hata kama limebeba kila kitu alichonunuliwa na mamaye.

Hata hivyo, maarifa ya ubaoni hayatoshi. Mtu aliyegutushwa usingizini hafikiri, hutenda alichozoea. Ndiyo maana zoezi la kutoka bwenini halina budi kufanywa kila muhula, tena usiku, taa zikiwa zimezimwa. Kengele ilie, watoto watoke, wakusanyike mahali palipotengwa, na majina yaitwe hadi la mwisho. Mwalimu apime muda kwa saa yake. Zoezi la kwanza litakuwa fujo tupu. Afadhali fujo hiyo itokee usiku usio na moto.

Najua jibu nitakalopewa na walimu wenzangu. Watasema kwamba milango hufungwa kwa sababu wanafunzi hutoroka usiku, na kwamba wengine ndio wanaoziteketeza shule. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Moto wa Kyanguli ulihusishwa na uchomaji wa makusudi. Lakini ikiwa tunaogopa kwamba miongoni mwa wanafunzi yumo awezaye kuwasha kiberiti, basi hiyo ndiyo sababu kuu ya kutowafungia wengine pamoja naye. Mtoro hurudishwa, akaadhibiwa, akasamehewa. Aliyeteketea harudishwi. Isitoshe, zipo njia za kumzuia mtoro: mlinzi langoni, ua imara, mwalimu anayezunguka usiku. Kufuli ni njia ya mkato ya mtu anayetaka kulala.

Nanyi wanafunzi, msingoje. Usiku wa leo, kabla ya kulala, hesabuni vitanda vilivyopo baina yenu na mlango. Tazameni kama dirisha linafunguka. Mkiona mlango umetiwa kufuli kutoka nje, mwambieni kiranja, mwambieni mwalimu, mwambieni mzazi siku ya kutembelewa. Kusema hivyo si utovu wa nidhamu.

Na mwalimu mkuu aweza kuanza leo bila kungoja waraka wowote kutoka wizarani. Ashike ufunguo wa bweni mkononi, ajiulize utakuwa wapi saa nane za usiku. Ikiwa hautakuwa ndani pamoja na watoto, asijidanganye kwamba amewafunza usalama wa moto.