Mkutano Mkuu ni Wetu: Ilani ya Wanakijiji



Ilani mlizozizoea huletwa na vyama kila baada ya miaka mitano, na ndani yake mna barabara, zahanati na maji ya bomba. Hii haina ahadi ya namna hiyo. Sisi tulioiandika hatugombei cheo, na yeyote kati yetu atakayechukua fomu ya uchaguzi atatoka kwanza katika uongozi wa vuguvugu hili. Tunataka jambo moja: mkutano mkuu wa kijiji urudi kuwa mahali pa kuamua.

Haki hiyo hatuiombi, tunayo. Ibara ya 8 ya Katiba ya Tanzania inasema serikali hupata madaraka yake yote kutoka kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inalishusha jambo hilo hadi kwetu: kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu, mkutano huo ndio mamlaka ya juu kabisa ya kijiji, na ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji na wenye uwezo wa kuiondoa. Mtendaji wa kijiji, ambaye wengi wetu tunamwogopa kama hakimu, kazi yake ni kuandika tulichoamua na kukitekeleza. Vijiji nchini ni zaidi ya 12,000. Hakuna bunge lenye wajumbe wengi kama wa mikutano mikuu ya vijiji hivyo.

Sasa tazameni inavyokwenda. Mbiu inapigwa asubuhi kwamba kuna kikao alasiri. Meza kuu inatandikwa kitambaa, wakubwa wanatambulishwa mmoja mmoja, kisha mgeni kutoka wilayani anasoma maagizo mpaka jua linapunguka. Mapato na matumizi yanasomwa mbiombio, fungu kubwa likiwa chini ya "mengineyo". Maswali mawili tu, tunaambiwa, muda umekwisha. Anayeuliza zilikokwenda pesa za matofali ya darasa anaitwa mpinga maendeleo. Akina mama wameketi chini pembeni, nao wanaanza kuondoka kabla ya maswali, kwa sababu saa hiyo ndiyo ya kuteka maji na kuwasha moto.

Halafu inapita karatasi ya mahudhurio, na hapa tunawasihi mtazame kwa makini. Tunaandika majina na kusaini bila kuuliza, kwa kuwa ni karatasi tupu yenye mistari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Anayetaka ardhi yetu anahitaji muhtasari wenye sahihi zetu. Tumeona majina yaliyoandikwa kwenye kikao cha chanjo ya mifugo yakibanwa nyuma ya muhtasari wa kumpa mtu mashamba. Waliosaini walikuwa hai, walikuwa kijijini, na hawakujua lolote mpaka vigingi vilipoanza kuchomekwa.

Kwa hiyo hatutasaini tena karatasi isiyo na tarehe na agenda juu yake, na chini ya jina la mwisho tutapiga mstari. Muhtasari wa kikao kilichopita usomwe wote kabla ya hotuba yoyote. Hesabu zibandikwe kwenye ubao wa matangazo kabla ya siku ya mkutano, na kila mchango uwe na stakabadhi. Saa ya kukutana ipangwe na wanawake wa kila kitongoji. Mgeni wa heshima tunamkaribisha, lakini azungumze baada ya wenyeji.

Hatuwachukii viongozi wetu. Wengi ni ndugu zetu, tunazikana. Tunawakumbusha tu kwamba nchi hii iliwahi kuandika katika Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 kuwa kiongozi asiwe mtu wa majivuno na kudharau watu. Waliouandika walikuwa madarakani.

Tunajua pia hofu ilivyo. Anayeuliza anaogopa jina lake lisije likarukwa kwenye orodha ya mbolea ya ruzuku, au mwanawe akaandamwa. Ndiyo maana hakuna atakayesimama peke yake. Swali moja litabebwa na watu kumi. Mmoja akikalishwa chini, mwingine atainuka nalo vilevile, kwa adabu ileile.

Kuungana nasi hakuna kadi wala ada. Njoo kikaoni, kaa mpaka mwisho, uwe na daftari. Mkutano unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Robo ikipita kimya, tutamwandikia mwenyekiti wa kijiji barua ya kuuomba, nakala kwa mtendaji wa kata, na nakala yetu hatutaondoka nayo mpaka igongwe muhuri wa kupokelewa.