Mafundi Wetu na Vumbi la Breki

Kila gari literemkalo milima ya Tarime kuelekea bonde la Mto Mara, na kila gari livukalo mbuga za Serengeti likiwa limejaa wageni, husimama kwa msaada wa vipande vichache vya kitu kigumu ambacho abiria hawakioni wala hawakijui. Dereva akikanyaga breki, vipande hivyo husuguana na chuma, na katika kusuguana huko hulika kidogo kidogo. Vikilika havipotei. Hugeuka vumbi, na vumbi hilo hukaa ndani ya dramu likimngoja fundi atakayeifungua. Leo twataka kusema juu ya fundi huyo.

Kwa muda mwingi wa karne ya 20, viatu vya breki, pedi na klachi pleti vilitengenezwa kwa asbesto, na mara nyingi asbesto hiyo ilifika karibu nusu ya uzito wa kipande kizima. Asbesto ni jiwe lichimbwalo ardhini, lakini ni jiwe la ajabu, maana hupasuka likawa nyuzi kama pamba, nazo haziungui upesi. Ndiyo sababu watengenezaji wa magari waliipenda. Ubaya wake ni kwamba nyuzi hizo huzidi kupasuka zikawa nyembamba hata zisionekane kwa macho, na huweza kuelea hewani saa nyingi. Mtu akizivuta hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na mwili hauna njia ya kuziyeyusha wala kuzitoa zote. Huko huleta asbestosi, yaani mapafu kukakamaa mpaka mtu ahangaike kutafuta pumzi. Huleta saratani ya mapafu. Na huleta mesothelioma, saratani ya utando uzungukao mapafu, ambayo mara nyingi humwua mgonjwa muda mfupi baada ya kugunduliwa. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, hata ile nyeupe iitwayo krisotili, ambayo ndiyo iliyotumika zaidi katika breki. Na kwamba watu zaidi ya 200,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuivuta kazini.

Lakini haiui leo. Fundi akikatwa kidole na feni ya injini, watu wote wa gereji huona damu, na mwenye gereji hutafuta gari la kumpeleka hospitali. Vumbi hili hukaa miaka 20, miaka 30, hata 40 kabla ya kudai deni lake. Kijana wa Tarime anayeshika spana mwaka huu akiwa na umri wa miaka 18 anaweza kufika miaka 50 akiwa na nguvu zake zote, kisha akaanza kukohoa. Wakati huo gereji aliyojifunzia imekwisha kuhama au kugeuzwa nyumba ya kulala wageni, bwana wake amekwisha kufariki, na duka lililouza breki zile halipo. Daktari naye akikiona kifua kibovu atafikiri kwanza kifua kikuu, maana ndicho akionacho kila siku, na huenda asipate nafasi ya kumwuliza mzee huyo alikuwa akifanya kazi gani ujanani. Basi mjane atamdai nani?

Wala mtu asituambie kwamba haya ni mambo mapya. Mwaka 1924 huko Rochdale, Uingereza, alikufa mama mmoja, Nellie Kershaw, aliyekuwa akisokota nyuzi za asbesto kiwandani. Daktari aliyeyapima mapafu yake aliandika habari zake mwaka huo huo katika gazeti la madaktari, na kampuni iliyomwajiri ilikuwa imekataa kumlipa fidia. Mwaka 1931 Waingereza wakaweka kanuni za kuzuia vumbi hilo katika viwanda vyao vya asbesto. Mwaka 1960 Daktari Wagner na wenzake wakatoa habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma katika Afrika ya Kusini, karibu wote wakiwa wameishi au kufanya kazi mahali palipochimbwa asbesto. Hata hivyo biashara iliendelea miaka mingi baadaye. Uingereza yenyewe iliipiga marufuku krisotili mwaka 1999, nchi za Umoja wa Ulaya zote zikafunga mlango kufikia mwaka 2005, Afrika ya Kusini ikafuata mwaka 2008, na mwezi Machi 2024 Marekani ikatoa kanuni ya kuikataza, breki za magari zikiwamo. Katika Mkataba wa Rotterdam wa kemikali zenye hatari, hoja ya kuiandika krisotili katika orodha ya vitu visivyouzwa bila nchi inunuayo kuarifiwa na kukubali imeletwa mara kwa mara tangu mwaka 2006, na kila mara nchi chache zimeikwamisha, Urusi na Kazakhstan, zinazoichimba, zikiwa miongoni mwao. Mkutano wa mwaka 2025 nao ulikwisha bila kuiandika. Sisi twauliza: tajiri akikataa kitu nyumbani kwake, nacho bado kinachimbwa na kuuzwa, kitapelekwa wapi isipokuwa kwa maskini?

Wapo wasemao kwamba moto wa breki huigeuza asbesto ikawa vumbi jingine lisilo na madhara hayo, na neno hilo limebishaniwa sana katika mahakama za Marekani. Kweli ipo ndani yake, nasi hatutaki kuificha: sehemu kubwa ya nyuzi huharibiwa na joto la kusuguana. Lakini si zote. Tena kipande kipya, ambacho fundi hukipiga msasa, hukikata kwa msumeno au kukitoboa ili kukigongomea riveti juu ya kiatu cha zamani, hakijapata moto wowote. Nyuzi zake zi hai. Kazi hiyo ya kuvalisha upya viatu vya breki za malori ni kazi ya kila siku katika nchi yetu, kwa sababu kiatu kipya kizima ni ghali.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Katika Wilaya ya Serengeti, magari ya watalii na malori yaingiayo Mugumu wakati wa kiangazi huwa yamevikwa vumbi la njia toka magurudumu hadi paa. Fundi akiifungua dramu huikuta imejaa unga, naye hawezi kujua upi ni udongo wa barabara na upi ni wa breki. Huchukua mpira wa kompresa, akapuliza; wingu hutoka, humpita usoni, humfikia kijana aliyechuchumaa kando akishika nati, likamwendea na mama anayeuza chai na maandazi hatua kumi kutoka hapo. Kwa Tarime miteremko ni mingi na breki hulika upesi, hivyo dramu hufunguliwa mara nyingi zaidi. Na fundi wa bodaboda, ambaye hana kompresa, huigonga dramu ya gurudumu la nyuma juu ya jiwe, kisha hupuliza kwa kinywa chake mwenyewe! Baada ya hapo huvuta pumzi, kama sote tungefanya.

Mpulizo huo ndio tunaotaka ukome, na ukome kabla ya mambo mengine yote. Haungoji sheria mpya wala fedha za wafadhili. Vumbi lililolowa haliruki. Fundi na aweke beseni chini ya gurudumu, achanganye maji na sabuni kidogo, ayamimine polepole kabla ya kuivuta dramu na tena baada ya kuivuta, mpaka uchafu wote utiririke ndani ya beseni. Kisha apanguse kwa kitambaa kilicholowa. Maji yasirushwe kwa nguvu, maana hapo yatalitawanya vumbi badala ya kulikamata. Kitambaa kile na tope lile vifungwe katika mfuko wa nailoni kabla havijakauka, na mfuko usitupwe mahali watoto wachezapo. Mahali penye klachi, nyumba ya klachi ilowanishwe vivyo hivyo ikishafunguliwa. Kufagia pakavu kusiwepo. Kipande kipya kikihitaji msasa kilowanishwe kwanza. Ama zile barakoa za kitambaa ambazo wengi walizishona wakati wa korona, hazizuii nyuzi hizi; afadhali fundi ajue hivyo kuliko kujidanganya.

Na ovaroli isiende nyumbani. Uchunguzi uliotolewa London mwaka 1965 ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa wa mesothelioma walikuwamo watu ambao hawakukanyaga kiwanda kamwe, bali waliishi nyumba moja na wafanyakazi wa asbesto, wengine wakifua nguo zao. Mke wa fundi anayezikung'uta nguo za mumewe uani kabla ya kuzifua anastahili kulindwa sawasawa na mumewe.

Tunajua jibu tutakalopewa: "Vumbi ni vumbi, tumelizoea." Ndugu zetu mafundi makanika ni watu hodari, na uhodari wao ndio unaoiendesha Mara. Lakini pafu halizoei uzi. Na fundi avutaye sigara huku akivuta vumbi hili hujiongezea hatari ya saratani ya mapafu maradufu na zaidi, kwa kuwa vitu hivyo viwili husaidiana katika kuua.

Sasa tuwageukie wale wenye magari. Nyamongo ina mgodi mkubwa wa dhahabu, uliofunguliwa mwaka 2002. Serengeti ni hifadhi tangu mwaka 1951, na sifa zake zimeenea dunia nzima. Dhahabu na wanyama huleta magari, na magari huleta kazi kwa mafundi walio chini ya miti na mabanda ya mabati, kazi ambayo hakuna aliyeiandika popote. Si haki hata kidogo kwamba watu walio karibu na utajiri mkubwa hivi wakose beseni, pampu ndogo ya kunyunyizia maji, na pipa lenye mfuniko. Tangu mwaka 2017 sheria ya madini inautaka mgodi upange pamoja na halmashauri jinsi ya kuitumikia jamii inayouzunguka. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Vijana wa gereji wajiunge katika vikundi, nao madiwani wetu wasione haya kuwapa mkopo kwa kitu kisichong'aa kama pikipiki mpya.

Juu ya vipuri tuna neno kwa Serikali yetu. Asbesto haitambulikani kwa kutazama. Pedi yenye asbesto na isiyo nayo zaweza kulala rafu moja, rangi moja, na mwenye duka asijue, na mara nyingi ile ya bei ndogo ndiyo isiyo na maandishi yoyote. Basi Shirika la Viwango na wenzao wa forodha, hasa katika kituo cha pamoja cha Sirari na Isebania, wadai cheti kinachosema kipande kimetengenezwa kwa nini, na chochote kisicho na cheti kihesabiwe kuwa kina asbesto mpaka mwenyewe athibitishe vingine. Breki zisizo na asbesto zimekuwapo sokoni kwa miaka mingi, na magari ya Ulaya yanasimama vizuri.

Sheria za kumlinda mfanyakazi tunazo. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Ipo pia sheria ya ajira ya mwaka 2004, inayokataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa katika kazi za hatari. Wenye gereji wanaopokea watoto wa shule za msingi "wajifunze ufundi" waisome tena. Lakini sheria ya fidia humtazama mtu mwenye mwajiri, na mwajiri ndiye achangiaye mfuko. Fundi wa gereji bubu hana mwajiri. Ana mwenye banda anayempangisha nafasi, na wateja wanaokuja na kuondoka. Akianguka, ameanguka peke yake. Twaona inafaa Serikali itafute njia ya kuwaingiza mafundi hao katika mfuko, hata kwa mchango mdogo wa kikundi. Bunge halitashindwa kuijadili.

Wakati hilo likingojwa, liko jambo ambalo matawi yetu ya chama yanaweza kulifanya bila kumwomba mtu ruhusa. Kila tawi la Tarime, Sirari, Nyamwaga, Nyamongo na Mugumu lifungue daftari la mafundi wa magari na pikipiki. Liandikwe jina la fundi, mwaka aliozaliwa, mwaka alioanza kufungua breki, na gereji zote alizopitia. Nakala moja ikae ofisi ya kata, na nyingine hospitali ya wilaya, ili mganga apate pa kutazama mgonjwa atakapokuja na kifua chake. Aliyeanza kazi mwaka 2025 huenda asilihitaji daftari hilo mpaka mwaka 2060. Kwa hiyo liwe daftari la jalada gumu, na wino wake usiwe wa kufutika.