Shofere wa mbio tusimsifu



Yule shofere sisi wote tunamjua. Anatoka Lubumbashi, anashuka mbele ya nyumba hapa Likasi na kusema: «Leo saa moja tu!» Majirani wanacheka, wanamsifu, bibi anamletea maji. Kesho atatafuta kupunguza dakika tano tena.

Mimi nasema tunafanya vibaya.

Hebu tuhesabu. Toka Lubumbashi mpaka hapa ni karibu kilometa 120. Kwa mwendo wa 80 utatumia saa moja na nusu. Kwa mwendo wa 100, saa moja na dakika 12. Faida ni dakika 18. Ukikuta kamyo za shaba zimejipanga penye kuingia mjini, faida yote inaishia pale.

Sasa tazama hasara. Kwa mwendo wa 100 motokari inapita meta 28 kila sekunde. Mtoto akiruka barabarani, utakuwa umekwisha kupita meta zile kabla mguu haujagusa freni. Na freni yenyewe: mwendo ukizidi mara mbili, inahitaji nafasi mara nne ili kusimamisha motokari. Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba mtu wa miguu akigongwa na motokari kwa mwendo wa 65, hatari ya kufa ni zaidi ya mara nne kuliko akigongwa kwa 50.

Shofere atajibu: «Miaka kumi ninaenda hivi, sijapata ajali.» Hapo ndipo penye ugonjwa. Barabara haimwadhibu mtu kila siku. Mara mia anafika salama, na kila mara anazoea zaidi. Hakumwona mwenye kinga aliyejitupa majanini pamoja na gunia lake la makala ili kumpisha. Siku ikifika, ataiita bahati mbaya.

Mnakumbuka Februari 2019, njia ya Kolwezi, upande wa Tenke. Kamyo ya asidi iligongana na basi, watu karibu 20 wakafa, wengine wakaunguzwa na asidi. Sisemi kwamba mbio ndiyo iliyoleta ajali ile. Nasema tu kwamba asidi, shaba, abiria na watoto wa shule wanapita njia moja, na njia ile haina nafasi kwa mtu wa kubahatisha.

Wakubwa nao wasikie. Ukimlipa shofere kwa hesabu ya safari, mguu wako pia unakanyaga mafuta.

Mama, bwana akirudi, usimwulize ametumia saa ngapi. Na wewe unayekaa pembeni yake katika kabini, sema «pole pole» mapema, mkiwa bado karibu na Lubumbashi. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka Likasi.