Diski ikisema "nimeweka", tusiiamini mbio

Familia mliokimbia vita, neno hili linawagusa. Hapa Lubumbashi umeme hukatika bila hodi. Tunarekodi sauti zenu, diski inajibu: "Nimeweka." Kumbe bado zimo katika kumbukumbu yake ya muda, umeme ukikatika, zimepotea. Kuna pia kadi za uongo: juu GB 64, ndani 8. Zinazozidi zinapotea kimya.

Kosa si la diski peke yake. Ni la programu pia, inayoamini bila kuuliza. FAT, ya tangu 1977, ingali kwenye kadi nyingi, lakini haijui kama sauti imeharibika. ZFS, iliyotolewa 2005, huwekea kila kipande hesabu yake, na inapokisoma huihakiki tena.

Wengine watasema kuhakiki kunachelewesha kazi. Ni kweli. Lakini mama aliyetaja jina la mtoto aliyepotea njiani, sauti yake ikifutika, nani atairudisha?

Watengenezaji wa programu, hakikini! Nasi tuweke nakala mbili, tuzisikilize zote, ndipo tufute ya kwanza.