Sheria Isomwe Kwenye Chimbuko Lake

Tarehe 18 Mei 2000 Rais Bill Clinton wa Marekani alitia saini sheria iliyoziruhusu bidhaa nyingi za nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kuingia katika soko la nchi yake bila ushuru. Sheria hiyo ni AGOA. Tangu hapo imetajwa katika hotuba na semina nyingi, lakini kuitaja sheria ni jambo moja na kuisoma ni jambo jingine.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili kuvinusuru viwanda vya nguo. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao kwa kutumia sheria hiyo hiyo. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda iliposhikilia wake, mwaka 2018 nguo zake ziliondolewa katika msamaha wa ushuru. Aliyekwisha kusoma kifungu cha 104 hakuwa na sababu ya kushangaa. Tangu mwanzo kifungu hicho kiliitaka kila nchi inayonufaika ionyeshe maendeleo katika kuondoa vikwazo dhidi ya biashara na mitaji ya Marekani.

Zamani mtumishi wa Dodoma au mwalimu wa Tabora angeweza kudai kwamba vitabu vya sheria za Marekani viko mbali. Leo dai hilo halina nguvu. Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua hazina ya THOMAS katika intaneti mwaka 1995, na Congress.gov, iliyoanzishwa mwaka 2012, ikachukua nafasi yake kabisa mwaka 2016. Mtu yeyote huisoma bila malipo.

Kanuni za kutafuta humo si ngumu. Kwanza ijulikane namba. AGOA ni sehemu ya Sheria ya Umma namba 106-200, maana yake ni sheria ya 200 ya Bunge la 106, na kila Bunge la nchi hiyo hudumu miaka miwili. Namba ya sheria humpeleka msomaji kwenye namba ya muswada, H.R. 434, herufi hizo zikionyesha kwamba ulianzia Baraza la Wawakilishi. Hapo ataona muswada ulivyoletwa, ulivyobadilishwa na Seneti, na ulivyopatanishwa na kamati ya mabaraza yote mawili. Taarifa za kamati hueleza makusudi ya vifungu, na kumbukumbu za mijadala huonyesha nani alisema nini na nani alipiga kura gani.

Historia hiyo ina mafunzo. Mwaka 1999 Mbunge Jesse Jackson Jr. aliwasilisha muswada wa pili kuhusu Afrika, H.R. 772, uliotaka madeni ya Afrika yafutwe. Haukupita. Asomaye sheria iliyopita peke yake hatajua kwamba njia nyingine iliwahi kupendekezwa ndani ya Bunge lile lile, wala kwamba Afrika ilikuwa na watetezi humo.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Hotuba ya mbunge si sheria, na majaji wa Marekani wenyewe hutofautiana juu ya uzito wa maneno yaliyosemwa bungeni. Maandishi yaliyotiwa saini ndiyo yanayofunga. Tena sheria hurekebishwa: AGOA iliongezewa muda mwaka 2015 hadi tarehe 30 Septemba 2025. Kwa hiyo anayesoma nakala ya mwaka 2000 bila kufuatilia marekebisho atapotoka, na atawapotosha wanaomtegemea.

Ni wajibu wa afisa anayeandaa msimamo wa nchi yake kuja mezani akiwa amesoma kifungu, si muhtasari ulioandikwa na upande wa pili. Ni wajibu wa mwalimu wa uraia kuwafundisha vijana kuuliza: imeandikwa wapi, na nani aliipinga? Taifa linalosimuliwa sheria za wengine litaendelea kushtuka kila zinapotumika. Mlango wa maktaba uko wazi. Kazi iliyobaki ni kuingia na kusoma.